Daraja la Urefu wa Kidole

Nimestaafu. Nina miaka thelathini, meno yangu yote yako, na mgongo haujaniuma hata siku moja, lakini nimestaafu, na ninyi vijana mnaochukua nafasi yangu katika chumba cha michezo naomba mcheke baada ya kumaliza kusoma. Mwalimu anastaafu kwa uzee. Askari wa kwetu hastaafu, anabadilisha kofia tu. Mimi nimestaafu kwa sababu kazi yenyewe imekufa. Mashine mpya aliyoleta Papa Kambale ina kadi moja tu ya picha, nene kama tofali, na pembeni mwa kadi hiyo hakuna meno ya kushikia daraja. Nimeipapasa, nimeimulika kwa tochi, nimeigeuza. Laini kabisa. Basi mtu aliyekuwa na kazi ya kufunga daraja kati ya kadi mbili afanye nini? Aandike.

Kwa yule ambaye hajafungua sanduku la zamani, nieleze haraka. Mashine yetu ya kwanza, kompyuta ya kuchezea mpira wa kwenye kioo, ilikuwa na kadi mbili za picha, moja chini, moja juu, kama vitanda vya internat, lile bweni la shule. Kila moja ilichora sehemu yake ya mchezo, na ili zisikilizane kulikuwa na kipande kimoja chembamba, urefu wa kidole, kilichoshika meno ya kadi hii na meno ya kadi ile. Kwenye katoni waliandika kwa Kifaransa "pont". Sisi tukasema daraja. Neno hilo lilitutosha, na baadaye lilitutosha kupita kiasi.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Karuba, mvua ikinyesha, ng'ombe wakitutazama. Kabla ya hapo nilikuwa nasukuma chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, nikibeba viazi na jibini kuteremka mpaka Sake. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari. Ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa, kisha ikawa kambi, nikaona nisiisumbue tena. Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kufungua duka la chumvi na sabuni pale Karuba, alisimama barabarani akauliza nani anajua kufunga mzigo usianguke kwenye matope. Watu wakaninyooshea kidole. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo cha fundi wa mashine. Hakuniuliza kama najua mashine, na mimi sikumsumbua kwa kumwambia.

Mashine ilikuwa imefika kutoka Goma juu ya mifuko ya saruji. Tukaiweka dukani, Papa Kambale akafanya ishara ya msalaba, akavuta kamba ya jenereta, tukabonyeza. Kioo kikatoa mistari ya kijani na ya waridi kama kitenge kilichochujuka. Papa Kambale akapanda mlima wa ng'ombe, mahali ambapo simu ilikuwa inashika, akampigia mwana wa dada yake aliyekuwa anajua vitu hivi. Akarudi amelowa, na sentensi moja.

"Anasema tuangalie daraja."

Tukazima, tukafungua. Upande mmoja wa daraja ulikuwa umechomoka kwa mitikisiko ya njia. Nikaubana kwa kidole gumba mpaka ukalia tik. Tukawasha, na uwanja wa mpira ukatokea, majani mabichi kuliko ya Karuba yenyewe. Papa Kambale alinishika bega kama padri, akaniita kwa jina.

"Safari, kuanzia leo kazi yako njo ile. Daraja ikifa, mashine imekufa."

Nikaamini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejaribu kuliondoa kabisa daraja lile aone itakuwaje. Nani mwenye akili timamu anabomoa daraja ili ajue kama anaweza kuvuka? Kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilizaliwa siku hiyo, likanyamaza miaka miwili likinisubiri Walikale.

Nilianza kwa kutumia nilichokijua. Nilikuwa na kauchu, ile mipira ya ndani ya tairi tunayoikata vipande kufungia mizigo. Nikazungusha kauchu kwenye daraja na kadi zote mbili, nikakaza kama nafunga gunia la viazi la kwenda Sake. Nusu saa baadaye wachezaji wakaanza kunusa. Wa kwanza akamshtaki wa pili. Wa pili akamshtaki mbwa. Kumbe kadi za picha zikifanya kazi zinawaka moto kama sufuria, na kauchu yangu ilikuwa inayeyuka taratibu juu ya mali ya Papa Kambale. Nilikwangua kwa kijiti siku mbili.

Aliyeniokoa ni Papa Bauma, seremala wa chukudu, mzee ambaye hakuwahi kugusa kompyuta na hakuona sababu ya kujisifu kwa hilo. Nilimbebea sanduku zima karakanani kwake. Akainama, akachungulia, akanusa, akanirudishia macho.

"Mutoto, weye unafunga kamba. Umeangalia nani njo anaanguka?"

"Daraja njo linaanguka, Papa."

"Daraja haina uzito. Angalia hizi mbao zako mbili. Zimeshikwa upande moja tu, upande ingine unaning'inia. Njiani zinacheza, moja inasema ndiyo, ingine inasema hapana. Daraja inafanya nini katikati? Inachomoka. Hata miye ningechomoka."

Akachukua mabaki ya mti wa mkaratusi, ule ule wa chukudu, akachonga vijiti viwili vyembamba. Kimoja kikasimama kutoka sakafu ya sanduku mpaka chini ya kadi ya kwanza. Cha pili kikakaa kati ya kadi na kadi, mbali na feni. Kadi zikatulia. Kisha akaniambia nirudishe daraja kwa vidole viwili, sawasawa pande zote, nisibane upande mmoja kwanza. Mwisho akalizungushia uzi wa pamba wa fundi cherehani, mizunguko mitatu, bila kukaza.

"Uzi iko ya nini sasa, kama vijiti vinashika?"

"Iko ya weye," akasema. "Ili ulale."

Vijana wangu, hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu kufunga. Tegemeza kwanza, kisha funga kidogo. Mmepewa mashine isiyohitaji hata hivyo, na bado nawaona mnakaza visi, zile skrubu za kifuniko, mpaka zinalia. Mlie nazo.

Kisha vita vikapanda milima yetu. Siwataji waliotufukuza Karuba, kwa sababu walibadilisha jina mara tatu katika mwaka mmoja na sitaki kumkosea mtu heshima. Papa Kambale alipakia chumvi kwenye lori. Mimi nilipakia mashine kwenye chukudu. Papa Bauma akasema yeye hawezi kukimbia na miti yake yote, akabaki. Alinipa vijiti vingine vinne vya akiba vilivyofungwa kwa kitambaa, akaingia ndani akafunga mlango, kama mtu anayemaliza kazi ya Jumamosi. Sikumwona tena. Wengine wanasema alifika Sake, wengine wanasema mengine. Vijiti bado ninavyo viwili.

Tulipita Nyamitaba, tukakaa huko kwa watu wema waliotupa mahali kwenye banda la ndama, kisha Papa Kambale akaamua Walikale. Msituni, akasema, kuna wachimbaji, kuna wafanyabiashara, kuna vijana waliochoka, na hakuna mashine ya mpira. Ili daraja lisivunjike njiani nililitoa, nikaliweka kwenye kisanduku cha kiberiti juu ya pamba, nikakitia mfuko wa shati. Kwenye bariyeri moja, kizuizi cha barabarani, askari akanipapasa.

"Hapa iko nini?"

"Daraja, muzee."

Akafungua kiberiti, akatazama, akanitazama.

"Ya mto gani?"

Wenzake wakacheka, akanirudishia, akasema nipite, maana mwendawazimu hana kitu cha kumwachia askari. Nilidhani ule ulikuwa mwisho wa mzaha.

Walikale tulijenga chumba cha mbao karibu na kituo cha phonie. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamjui: phonie ni ile redio ya betri ya gari ambayo ulikuwa unasema Walikale wakakusikia Goma, na Bukavu, na Kisangani, na pia kila mtu mwenye redio ya namna hiyo ambaye hukumkaribisha. Aliyekuwa anaishika ni Sifa. Baba yake alikuwa mkulima na mwindaji, watu wa msitu kabisa, na yeye alikuwa na sauti iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, ambayo ilitangaza kuzaliwa kwa mapacha na kifo cha mjomba kwa utulivu ule ule. Watu walileta habari zao kwenye karatasi, yeye akazisoma kama zilivyo. Haongezi neno. Hapunguzi.

Unyevu wa msitu ulinifundisha somo la pili. Meno ya daraja yalianza kuota rangi ya kijani. Nilikwenda kwa Sifa kuomba gome, ile ya kufutia penseli.

"Unafuta nini?"

"Daraja."

"Sawa," akasema, akanipa. Ndivyo alivyo. Nilisugua meno taratibu, nikapuliza, picha ikarudi safi. Nikamrudishia gome yake. Kesho yake nikarudi kuiomba tena, na kesho kutwa, ingawa meno yalikuwa yanang'aa kama ya bwana harusi. Wiki ya tatu aliikata gome katikati kwa wembe.

"Chukua nusu yako, kaka Safari. Lakini kupita unaweza kupita."

Hapo nikawa mtu wa kuotaota. Niliota chumba cha michezo chenye mashine kumi, na Sifa mlangoni, na vita vimehamia mahali pengine wanakoviulizia. Na kwa sababu nilikuwa na furaha, nikawa mwangalifu kupita kiasi. Kila jioni kabla ya kufunga nililitoa daraja, nikalilaza kwenye kiberiti juu ya pamba. Kila asubuhi nikalirudisha. Mwaka mzima. Kitu kile hakikutengenezwa kulazwa na kuamshwa kama mtoto. Asubuhi moja, vidole viwili, sawasawa pande zote, kama nilivyofundishwa, likakatika katikati kwa sauti ndogo ya biskuti. Risasi hazikulivunja, wala mashimo ya njia, wala wezi. Mimi ndiye niliyelivunja, kwa kulihurumia.

Papa Kambale siku hizo alikuwa Goma kununua bidhaa. Nilikimbia kwa Sifa nikaandika kwenye karatasi, na kwa kuwa betri yake ilikuwa inakaribia kwisha na watu walikuwa foleni, niliandika kifupi. Nayakumbuka maneno yote, maana baadaye niliombwa kuyarudia mara nyingi:

"Papa Kambale. Daraja imekatika Walikale. Hakuna kinachopita tena. Tuma ingine mbio. Safari."

Sifa akasoma. Kwa sauti ile iliyonyooka.

Kufika saa sita, malori matatu yaliyokuwa Masisi yamegeuza. Kufika saa nane, chumvi ilikuwa imepotea sokoni Walikale, kila mtu anayo na hakuna anayeiuza. Mama mmoja alibeba godoro kichwani akapita mbele ya chumba changu akiniambia nikimbie, kwa sababu adui wamekata daraja la mto Lowa. Nilimshukuru. Nikaanza hata kukusanya vijiti vyangu, nikijiuliza ni mkosi gani huu, madaraja mawili siku moja.

Wenye bunduki waliokuwa wanashika mji wakati huo walituma askari wao mbio mpaka mtoni. Walikuta daraja limesimama, na mwanamke anafua nguo pembeni, aliyewauliza kama wamepotea. Wakarudi wamelowa jasho na aibu, na aibu ya askari haikai bure, inatafuta mtu. Ni nani alitangaza? Sauti ya nani? Wakaenda moja kwa moja kituo cha phonie wakamchukua Sifa. Kueneza habari za adui, walisema. Wengine wakaongeza kuwa maneno yale yalikuwa ya siri: "daraja" maana yake kikosi, "tuma ingine" maana yake tuma kikosi kingine. Kwa kosa kama hilo, miezi ile, watu walipelekwa msituni na waliowapeleka walirudi peke yao.

Niliambiwa kesho yake na yule mama wa godoro, alipokuwa anarudi. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Nilichukua kiberiti chenye vipande viwili nikaenda darasani walikofanya ofisi yao.

Kamanda alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, amekaa kwenye dawati la mwanafunzi.

"Jina?"

"Safari."

"Nimeuliza jina, sikuuliza unafanya nini."

"Njo jina, Papa Komanda. Safari."

"Unatoka wapi?"

"Karuba."

"Kwa hiyo Safari anatoka Karuba." Akamtazama mwandishi wake. "Andika hivyo hivyo."

Nikaweka kiberiti mezani, nikafungua. Nikaeleza kadi mbili, meno, vijiti, Papa Bauma, gome, yote. Akachukua kipande kimoja kwa kucha mbili.

"Hii njo ilirudisha malori matatu?"

"Ndiyo, Papa Komanda. Miye njo niliandika. Dada Sifa alisoma tu. Kama iko wa kufunga, munifunge miye."

"Na bila hii mashine inakuwa namna gani?"

Hapa, wapendwa wangu, ndipo lile kosa la Karuba lilipoamka. Nilitaka aamini. Nilitaka aone kwamba kitu kidogo kile kilistahili kilio kile.

"Bila hii iko maiti, Papa Komanda. Haiwezi kuwaka hata kidogo. Ikiwaka, mimi muongo, na dada pia muongo."

Akasimama. Dawati likasimama naye kidogo, kisha likaanguka.

"Basi twende tuone maiti."

Tulikwenda wote mchana kweupe, kamanda mbele, askari wanne, mimi, na Sifa waliyemtoa chumba cha nyuma. Alikuwa amelala usiku mmoja kwenye saruji, anakohoa, nguo ina vumbi upande mmoja. Nusu ya mji ikatufuata kwa mbali, wakijifanya wanakwenda mahali pengine.

Nilifungua sanduku mbele ya kamanda. Nikamwonyesha meno ya kadi ya chini na ya juu, matupu. Akahesabu vijiti vya Papa Bauma, akauliza kama ni dawa. Nikasema ni mkaratusi. Askari mmoja akavuta kamba ya jenereta. Nimefanya kazi ile miaka mingi, na kila asubuhi nimemwomba Mungu mashine iwake. Siku ile peke yake niliomba isiwake. Nilimwomba kwa majina ya watakatifu wote wa Papa Kambale, na wale wa upande wa baba yake Sifa pia, kama wanasikia.

Nikabonyeza.

Ikawaka. Haikusita hata kidogo. Ikatoa taa, ikatoa muziki wa kufungulia, na uwanja wa mpira ukatokea na majani yake.

"Maiti inaimba," akasema askari.

Kadi moja, wapendwa. Ukiondoa daraja kabisa, mashine inaacha kadi ya pili ilale na inafanya kazi na moja. Ile mistari ya Karuba ilitoka kwa sababu daraja lilikuwa limeshika nusu. Lingekuwa limetoka lote, tungeona uwanja siku ile ile, na mimi ningerudi kwenye viazi vyangu. Miaka miwili ya vijiti, uzi na kiberiti, kumbe nilikuwa nalinda anasa. Nilijifunza jambo hilo la ufundi nikiwa na bunduki nyuma ya sikio, na sipendekezi shule hiyo.

Nilimtazama Sifa. Yeye alikuwa anatazama kioo.

Kamanda alikaa kwenye benchi. Nilifikiri anakaa ili aseme hukumu. Akachukua kishikio cha mchezo.

"Kabla ya kumaliza hii maneno," akasema kwa sauti ile laini, "weka timu. Miye jezi nyekundu. Weye cheza nyingine. Na usiniachie, nitajua."

Mtu aliye karibu kufa acheze mpira vizuri au vibaya? Nilicheza tu, bila kujua ninavyocheza. Lakini niliona kitu vidole vyangu vilipokuwa vinatembea. Picha haikuwa ile ya kila siku. Wachezaji walikuwa wanatembea, wanaganda, wanaruka hatua mbili, wanaganda tena, kama wazee wanaopanda mlima wa Mushaki. Kamanda naye aliona. Alianza kupinda na kishikio, kushoto, kulia, bega lake likamsukuma askari. Kisha nikamchezea rafu ndani ya kumi na nane, sikukusudia, naapa. Penalti.

Akavuta pumzi. Askari wote wanne wakasogea. Nje, dirishani, nusu ya mji iliacha kujifanya. Akabonyeza. Mchezaji wake akainua mguu, akaganda na mguu hewani, muda wa kumaliza Baba Yetu mpaka "mkate wetu". Picha ilipozinduka, mpira ulikuwa tayari mikononi mwa golikipa wangu, anaukumbatia kama mtoto.

Kamanda akageuka polepole.

"Hii njo nini?"

Sauti iliyojibu haikuwa yangu. Ilikuwa ile iliyonyooka.

"Njo daraja, Papa Komanda," akasema Sifa. "Kadi ziko mbili, zinabeba picha pamoja. Leo moja imelala kwa sababu hakuna pa kupita. Hii ingine inabeba peke yake, inachoka. Kaka Safari alisema hakuna kinachopita. Hajasema uongo. Alisema kifupi."

Kamanda akatazama kioo, pale golikipa wangu alipoendelea kufurahi. Akatazama kiberiti.

"Kumbe," akasema, "daraja imekatika kweli."

Hiyo ndiyo haki niliyoiona kwa macho katika miaka yote ya vita. Ushahidi haukuifikisha, kilio changu hakikuifikisha, ilifikishwa na penalti iliyokosewa na mtu mwenye cheo. Sifa alirudishwa kituoni pale pale, akaamriwa kutangaza. Akasoma kama alivyoandikiwa: daraja lililokatika si la mto, ni la mashine ya michezo, urefu wake kidole kimoja, malori yaje. Kamanda akaongeza kwa mkono wake kwamba daraja jipya lipewe njia kwenye bariyeri zote. Likafika siku ya tatu, ndani ya bahasha, mapajani kwa dereva. Madaraja ya kweli ya nchi ile, yale ambayo magari yanaanguka nayo, yanangoja mpaka leo. Hayana mtu wa kuyapigia penalti.

Sifa alikohoa wiki mbili. Nilimpelekea asali ya msitu, akapokea, akafunga mlango. Nilipokwenda na karatasi ya kutuma salamu Nyamitaba, nilikuta amebandika ukutani maandishi makubwa: SEMA KITU KWA JINA LAKE NA KWA UKUBWA WAKE. Watu wote walitii. Hata waliotangaza mtoto kuzaliwa walitaja urefu. Mimi peke yangu nilijua barua ile ilikuwa imeandikiwa nani.

Miaka imekwenda. Kamanda alibadilisha kofia, akahama. Mnara wa simu ulisimama juu ya kilima na foleni ya phonie ikapungua, mpaka Sifa akawa anasokota nyuzi za mikeka mbele ya redio iliyonyamaza. Halafu mwezi jana ikaja hii kadi yenu nene isiyo na meno, na Papa Kambale, ambaye amezeeka lakini bado anafanya ishara ya msalaba mbele ya jenereta, akanishika bega kama siku ile Karuba. Akasema nipumzike. Nikamkabidhi turnevisi, bisibisi yangu. Kiberiti sikumkabidhi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kituo cha phonie. Nilikuwa nimeandika karatasi, na safari hii sikuandika kifupi. Niliandika jina langu, na la baba yangu, na kijiji. Niliandika kwamba mimi, mwenye miaka thelathini, niliyestaafu, mwenye chukudu moja, vijiti viwili vya mkaratusi na nusu ya gome, niliyewahi kumlaza Sifa usiku mmoja kwenye saruji kwa ajili ya maneno machache na ambaye sijalala vizuri tangu hapo, ninamwomba Sifa huyo huyo, mwenye sauti iliyonyooka, tukae pamoja nyumba moja, mpaka mwisho. Ukubwa: wote.

Alisoma kimya, kidole kikifuata mistari. Kisha akakagua maandishi ukutani, kana kwamba anahakikisha hakuna kilichopungua.

"Uliniambia mashine haiwaki bila daraja," akasema. "Ikawaka."

"Ndiyo, dada Sifa."

"Miye pia nawaka na kadi moja. Hii miaka yote nimewaka."

Nikainamisha kichwa. Nikaanza kukunja karatasi yangu. Akaishika upande wa pili, hakuiachia.

"Lakini na miye nilikuwa pale," akasema. "Niliona ile penalti ya kadi moja."